Msomaji wa Pili

Mwalimu hakuwahi kufundisha darasa lolote. Jina tulimpa sisi wa maabara, kwa sababu hangeweza kukupita ukifanya jambo bila kukwambia lingefanywaje vizuri zaidi. Ukifunga mlango, utafundishwa kufunga mlango. Ukimenya ndizi, ahaa, ndizi nayo ina upande wake wa kuanzia. Wageni walidhani tunamwita hivyo kwa heshima. Mwanzoni haikuwa heshima hata kidogo, tulikuwa tunamsengenya.

Alizaliwa wapi, ni binti wa nani, hayo sitayagusa. Yana wenyewe, na wenyewe ni wengi, wanajaza basi zima kila Desemba kwenda magharibi. Mimi ni wa mashariki, baba yangu alikuwa mchongaji wa vinyago, na kwa hiyo Mwalimu aliamini mpaka mwisho kwamba mikono yangu ni mizuri kuliko akili yangu. "Wakamba mna mikono," alikuwa akisema, akinitazama nikikata nta. "Akili tutaitafuta pole pole." Nami ningemjibu kwamba Waluhya wana matumbo, na akili yao pia haijapatikana. Tuliishi hivyo miaka kumi na miwili.

Kazi yetu ilikuwa hii. Mwanamke mwenye saratani ya mlango wa kizazi hutolewa kipande cha uvimbe, kidogo kama punje ya mchele. Sisi tunakiloweka kwenye formalini, dawa ya kuzuia kuoza, tunakizika ndani ya nta, tunakikata kwa mashine mpaka kiwe chembamba kuliko ngozi ya kitunguu, tunakibandika kwenye kioo na kukipaka rangi. Kisha tunakitazama kwa hadubini. Tulikuwa tunatafuta alama ndani ya seli, alama ya kutuambia mapema uvimbe upi utasikia mionzi na upi utakaidi. Maana wanawake wawili huja na uvimbe wa ukubwa mmoja, wakapigwa mionzi kwa mashine ileile, siku zilezile, mmoja akarudi shambani kwake na mwingine asirudi, na hakuna daktari aliyeweza kusema kwa nini.

Mama aliyetusafishia maabara alimwuliza Mwalimu siku moja hiyo alama ni kitu gani hasa. Mimi ningeanza na protini na majina marefu. Mwalimu aliweka kikombe chake chini.

"Wewe unaishi wapi?"

"Pipeline."

"Maji yenu yanakuja siku gani?"

"Jumanne na Ijumaa. Yakitaka."

"Yakikatika wiki nzima unahama?"

"Nihamie wapi, Mwalimu? Nina mitungi."

"Basi ndivyo hivyo. Katikati ya uvimbe kuna seli ambazo hewa ya damu haizifikii. Zimezoea shida, zimejiwekea mitungi. Na mionzi haiui vizuri mahali pasipo na hewa. Sasa sisi hatuwezi kuiona hiyo hewa, lakini mitungi tunaiona. Tunaipaka rangi ya kahawia. Tukikuta mitungi mingi, tunasema hapa mionzi itapata kazi."

Yule mama akaelewa papo hapo. Mimi nilikuwa na stashahada, na nadhani hata mimi nilielewa vizuri siku hiyo. Tangu hapo neno likawa letu. "Hiki kina mitungi," tungesema, na daktari mkuu wa utafiti, mtu wa kusoma sana, akaanza kulitumia naye bila kujua lilitoka Pipeline.

Nitasema sasa hivi ili usije ukadhani ninakuficha: ugonjwa ule tulioutafutia alama ulikuja kumpata yeye. Kipande chake kilipita mikononi mwetu kama vya wengine. Swali tulilokuwa tukiuliza juu ya wanawake tuliowajua kwa namba tu, mionzi itafaa au haitafaa, likawa swali lake. Ndiyo habari yenyewe. Lakini nikikimbilia huko utamwona mgonjwa tu, na Mwalimu alikuwa mgonjwa kwa muda mfupi sana wa maisha yake.

Alikuwa na sheria ya penseli. Namba zote kwenye vikasha vya vipande ziandikwe kwa penseli, kwa sababu vipande hupita kwenye spiriti na wino huondoka. Wiki yangu ya kwanza niliona penseli ni mambo ya nasari, nikatumia kalamu yangu nzuri ya bluu. Asubuhi vipande sita vilitoka vyeupe pe, havina namba, hatujui ni vya nani. Nilingoja kufukuzwa. Mwalimu alivitazama, akavuta kiti, akaketi. Kisha akasema, "Wanawake sita wamelala kwenye meza ya baridi, wakapanua miguu mbele ya watu wasiowajua, ili wewe uandike kwa kalamu nzuri." Tulirudi kliniki, tukaomba radhi, wanne wakakubali kutolewa tena na wawili wakakataa. Afadhali angenifokea.

Ukimwona alivyokuwa mkali maabara, ungesema nyumbani kwake kijiko kina mahali pake. Wapi! Alikaa mtaa wa Jericho, kwenye nyumba za zamani za kanjo, yaani za baraza la jiji, na ndani hapakuwa na kitu kilicholala mahali kilipolala jana. Funguo zilipatikana kwenye unga. Mtu huyu aliyepima matone ya dawa kwa jicho la mwewe alitia chumvi kwenye mboga bila kutazama, akiongea, na siku nyingine alitia mara mbili. Sukuma wiki yake ilikuwa bahati nasibu. Tulikula tu. Kazini alifika kabla ya mlinzi, lakini kanisani aliingia wakati wa sadaka kila Jumapili, na akala zake, viatu vya tairi kutoka soko la Kariokor, zikimtangaza tangu mlangoni, tap, tap, tap, mpaka mbele. Sijui kwa nini lazima akae mbele.

Vijana wa mtaa walimpenda. Walikaa kwenye ukuta karibu na lango lake, na akipita wangeinuka kidogo kumwuliza hali na mipango ya siku. "Mathe, niaje! Form ni gani leo?" Naye hakuwahi kukubali kusema Sheng, ingawa aliielewa yote, hata ile ya juzi. "Sijambo. Na wewe shati lako liko nje, na shule ulisema utarudi Jumatatu ipi?" Wangecheka, lakini shati lingeingia ndani.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba mtu ambaye kazi yake ilikuwa kutabiri alichukia utabiri. Hakusikiliza habari za hali ya hewa. Mhubiri mmoja mgeni alisimama kanisani kwao akafumba macho akasema, kuna mama hapa, naonyeshwa kwamba kabla ya mwaka kuisha ataketi kwenye nyumba yake mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Mwalimu akainuka, pale mbele, akauliza kwa adabu kabisa, "Baba, mwaka jana uliwaambia hivyo akina mama wangapi? Na wangapi wameketi?" Aibu waliyoona wazee wa kanisa, wacha tu. Wakamtumia Mwalimu ujumbe wa kumkanya. Alijibu kwamba swali lake halikuwa dharau, ni hesabu tu, na yeye huwauliza madaktari vilevile.

Na bado, Jumamosi, mtu huyohuyo angeapa kwa jina la mama yake kwamba timu yake ya mpira leo inashinda. Timu hiyo ilikuwa haishindi. "Na alama zinasemaje, Mwalimu?" ningemchokoza. "Nyamaza," angesema. "Hapo ninatumia moyo."

Kosa langu la pili, baada ya lile la kalamu, lilikuwa baya zaidi. Mimi nakaa mtaa wa Tassia, orofa ya tatu, na juu yangu, orofa ya tano, alikaa mama mmoja aliyeuza mitumba. Akaugua. Nilikutana naye kliniki nikikusanya vipande, kwa hiyo namba yake niliijua, jambo ambalo halikufaa. Kioo chake kilikuwa kahawia kutoka kona hadi kona. Basi nikamwonea huruma. Nilimkuta kwenye ngazi amebeba maji, ameshachoka na ile safari ya kila siku ya kwenda kuchomwa, maana ndivyo wagonjwa wanavyoiita mionzi, na nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba dalili za kipande chake hazikuwa nzuri sana, kwamba asijitese kupita kiasi. Niliona ni wema. Kesho yake hakwenda hospitali. Keshokutwa pia.

Nilipomwambia Mwalimu, alivua koti la maabara saa hiyohiyo. Tukaenda Tassia. Alipanda orofa zote tano akisimama kila ngazi kupumua, akakataa kiti, akakaa kwenye rundo la nguo pamoja na yule mama.

"Huyu msichana alikwambia nini?"

"Kwamba yangu haitapona."

"Alikwambia kitu ambacho bado hatukijui. Sikiliza, dada yangu. Sisi tunatazama alama, halafu tunangoja kuona kama ilisema kweli. Tunangojea nyinyi. Ukiondoka sasa hatutajua kama alama ilikuwa kweli au ilikuwa ya uongo, na wewe utakuwa umekufa kwa ajili ya uvumi. Alama si hukumu. Kesho unaenda?"

Yule mama alitazama dirishani. "Na duka langu ataliangalia nani?"

"Huyu hapa," Mwalimu akasema, akaninyooshea kidole. Wiki tatu niliuza mitumba saa ya chakula cha mchana na jioni, Ngai, Mungu mwema, na sijui bei ya sketi mpaka leo. Alimaliza mionzi yake. Bado anakaa juu yangu, na nguo zake bado zinanidondoshea maji kwenye zangu.

Sasa lazima nieleze sheria ya wasomaji wawili, kwa sababu bila hiyo hutaelewa nilichokifanya. Kioo kimoja husomwa na watu wawili. Kila mmoja anatazama peke yake, bila kuongea na mwenzake, anaandika namba kwenye karatasi: sifuri kama hakuna kahawia, moja ikiwa kidogo, mbili, na tatu kama imejaa. Anakunja karatasi, anaitia kwenye mkebe wa majarini. Ijumaa daktari anafungua mkebe. Zikilingana, sawa. Zikitofautiana, yeye anasoma mwenyewe. Maabara kubwa ina wasomaji wengi. Yetu ilikuwa na wawili, mimi wa kwanza, Mwalimu wa pili. Kwa miaka yote hiyo tulitofautiana mara chache sana, na kila tulipotofautiana ilikuwa kwa hatua moja.

Aliniambia ugonjwa wake tukiwa tunaosha vioo, bila kuacha kuosha. "Nimepatikana na kile chetu," akasema. Nikadhani anasema juu ya mafua. Aliposema mara ya pili, sabuni ilinitoka mkononi. Akaniambia niokote sabuni. Kisha akaniambia amekubali kuingia kwenye utafiti kama mgonjwa mwingine yeyote, ametia sahihi, muuguzi amempa namba, na namba hiyo mimi sitaijua.

Lakini wiki ile wauguzi walikuwa kwenye mgomo. Kliniki ilikuwa kimya, na kwa siku tano kilikuja kipande kimoja tu.

Tulikitazama kwenye kikopo chake, sisi wawili. Yeye ndiye aliyesema kwanza. "Namba haina jina. Leo hatusemi ni cha nani." Alikizika kwenye nta mwenyewe, akakikata mwenyewe. Mimi nilikuwa namwaga dawa nikikipaka rangi, mpaka akaja akaniondolea chupa ya dawa mkononi na kunipa tena, polepole, kama mtu anayempokeza mwenzake mtoto.

Niliketi kwenye hadubini. Niliomba, nasema kweli, niliomba kabla ya kutazama. Kilikuwa kahawia. Nilisogeza kioo kushoto, kahawia. Kulia, kahawia. Mitungi mahali pote. Nilikaa pale hata macho yakaanza kutoa machozi na lenzi ikafanya ukungu. Kisha nikachukua karatasi, nikaandika moja. Nikaikunja, nikaitia kwenye mkebe, nikaenda chooni.

Usiniulize nilifikiri nini. Sikuwa nafikiri. Nilijua namba ile haitabadilisha matibabu yake, kwa sababu alama yetu ilikuwa bado haijathibitishwa na kila mgonjwa alipewa mionzi ileile bila kujali sisi tumeona nini. Nilitaka tu kuwe na mahali fulani duniani, hata kama ni ndani ya mkebe wa majarini, palipoandikwa kwamba Mwalimu atapona.

Yeye alisoma baada yangu. Nilimwona kupitia kioo cha mlango. Hakukaa muda mrefu. Aliandika, akakunja, akabaki ameketi na mikono yake magotini.

Ijumaa daktari alifungua. Moja na tatu. Alitutazama wote wawili juu ya miwani yake, akasoma mwenyewe, akaandika tatu, akatoka. Nadhani na yeye alijua ni cha nani.

Mwalimu alikuja nilipokuwa.

"Moja?"

Nikaendelea kupanga vioo.

"Uliona moja?"

"Macho yalikuwa yamechoka, Mwalimu."

"Macho yako hayajawahi kuchoka tangu uje hapa. Kinachochoka ni mdomo, na huo pia si mara nyingi." Akavuta kiti. "Ulidhani uvimbe utasoma karatasi yako?"

Wuui, nililia. Nililia kama mtu aliyepigwa, na yeye akaniacha nilie. Sikuwahi kumwona amekasirika vile. Sauti haikupanda, lakini shingo yake ilikuwa imekaza na alikuwa akipumua kwa pua.

"Unanipenda," akasema baadaye. "Najua. Lakini ulinipenda vibaya. Kila mwanamke kwenye trei ile ana mtu wake anayempenda. Kama kila mmoja angepewa moja na mtu wake, tungekuwa na nini? Tungekuwa na trei ya wanawake wenye afya njema kabisa, na makaburi yao."

"Nisamehe."

"Nimeshakusamehe tangu daktari alipofungua mkebe. Hapa nimekuja kukugombeza." Akainuka. Alipofika mlangoni akageuka. "Na usinitazame hivyo. Alama si hukumu. Naenda kuchomwa kama kila mtu."

Akaenda. Siku ishirini na tano, Jumatatu mpaka Ijumaa. Nilimsindikiza nilipoweza, na nilipomkuta kwenye benchi la kungojea sikujua nicheke au nifanye nini, kwa sababu alikuwa ameshaanza darasa. Ili mionzi isiharibu mahali pengine, mgonjwa hutakiwa kuingia na kibofu kilichojaa. Mwalimu alikuwa amewapanga akina mama kwa zamu, nani anywe maji saa ngapi, nani aache sasa, wewe wa Kayole kunja miguu uvumilie, bado watu wawili. Walikuwa wanakufa kwa kicheko na kwa mkojo. Fundi wa mashine aliniambia foleni haijawahi kwenda vizuri namna ile. Wiki ya nne Mwalimu alikonda, akaacha kufundisha, akawa analaza kichwa ukutani. Wenzake walimshikia nafasi yake bila kuambiwa.

Miezi ile ya kungoja picha ya hospitali, ya kuonyesha kama uvimbe wake umekwisha, nilikuwa mbaya kazini, nasema wazi. Nilivunja vioo. Kila nilipokuta tatu kwenye kioo cha mtu nilijiambia, huyu naye angoje tu, tutaona, na moyoni nilikuwa nataka kila tatu duniani iwe ya uongo. Mtafiti gani huyo? Daktari alinionyesha mstari kwenye kompyuta yake, wenye tatu huku, wenye sifuri kule, akasema tukipata wagonjwa wengine wachache alama hii itakubalika. Alifurahi. Nilimwambia nimefurahi pia.

Kisha Mwalimu akanipigia simu. Akasema Jumamosi nije Jericho ninywe chai.

Nilimkuta sebuleni, mlango wazi kwa ajili ya mwanga, anachambua mchele kwenye ungo. Nyumba ilikuwa imepangwa. Hilo lilinishtua kuliko chochote. Vikombe vilikuwa kabatini, funguo zilikuwa kwenye msumari. Alinimiminia chai, akaketi, akarudi kwenye mchele wake.

"Bado upo," akasema.

Nilielewa, lakini nikauliza kama mjinga, "Nini?"

"Uvimbe. Umepungua kidogo upande mmoja tu. Picha nimeiona mwenyewe, nilimwambia daktari aniachie niitazame." Akaokota jiwe dogo, akalitupa nje ya mlango. "Tatu ilikuwa tatu."

Na akatabasamu. Naapa mbele ya Mungu, alitabasamu, tena kwa fahari, vile alivyotabasamu siku ile rangi yetu ya kwanza ilipokubali baada ya miezi ya kukataa. "Unaelewa maana yake? Inafanya kazi. Siyo kwa kila mtu, lakini inafanya kazi. Mwanamke atakayekuja na tatu, msimpeleke kwenye mionzi peke yake na kumwachia Mungu. Mpeni kitu kingine pamoja nayo, tangu siku ya kwanza, wakati bado ana nguvu. Daktari ameniambia ndiyo barua anayowaandikia madaktari wa mionzi sasa. Nimemwambia aweke na namba yangu ya utafiti."

"Mimi sitaki ifanye kazi!" Nilipiga kelele, vijana kwenye ukuta wakageuka. "Miaka kumi na miwili, Mwalimu, na hiki ndicho ulichonifundishia? Nije hapa nikushangilie? Sitaki alama, nakutaka wewe!"

Hakunikemea. Aliweka ungo chini. Tabasamu lilikaa usoni mwake kidogo zaidi, kisha likaanza kumtoka, na alijaribu kulishika, nikaona mdomo wake unavyoshindana nalo.

"Kwani unadhani mimi sijitaki?" akasema. "Kila asubuhi pale kwenye mashine nilikuwa nasema, ikosee. Mimi, ndiyo. Nimelala pale na kazi yangu yote naiombea ikosee." Akajifuta macho kwa upindo wa leso. "Nilitaka sana ikosee, mwanangu."

"Hata mimi, Mwalimu."

"Najua. Wewe uliandika."

Nikahamia kwenye kiti chake, tukabanana, tukalia pamoja mchana kweupe huku mlango ukiwa wazi.